Namba Moja, Mbili na Tatu wa Kaloli

Jumamosi iliyopita nilimkuta mama anapiga deki kwa namba kumi na mbili. Nilisimama mlangoni, viatu mkononi, nikaiangalia ile namba ya rangi ya waridi ikizama kwenye ndoo, ikiibuka, ikikamuliwa, ikitandazwa sakafuni kama tambara lolote lile.

"Mama! Hiyo si jezi ya Kaloli?"

Mama hakuinua kichwa. "Kaloli hakatai," akasema, akaendelea kusugua chini ya meza.

Nikamnyang'anya. Mimi si mtu wa kunyang'anya vitu, wala si mtu wa kupaza sauti. Darasani nikiulizwa swali hujibu kwa sauti ya mbu, ndiyo sababu mambo yangu mengi huishia kwenye karatasi. Na wiki ile nilikuwa na tatizo. Shuleni wameanzisha timu ya wasichana ya mpira wa kikapu, na mwalimu wa michezo aliniangalia mara moja tu, kuanzia chini kwenda juu, akasema, "Wewe upo." Shule haina jezi, kwa hiyo kila mmoja aje Jumatatu na fulana yake yenye namba. Mimi nilikuwa nimeshapanga kuumwa tumbo Jumatatu. Sasa hata sijui kwa nini niliitaka jezi ile. Niliipeleka bombani nikaifua kwa sabuni ya mche, nikasuuza mpaka maji yakatoka meupe. Harufu ya sabuni na kitambaa kilicholoa ikanipanda puani, na papo hapo nikawa mdogo tena, nimeshika kopo la vibanio vya nguo, nahesabu.

Kama ulikulia upande wetu wa Nateete na umri wetu unalingana, huenda uliwahi kuwasikia. Kaloli ilikuwa timu ya mpira wa kikapu. Si zile timu kubwa za kutangazwa redioni. Ilikuwa ya daraja la pili, na wachezaji walilipwa kiasi cha kuweza kusema wanalipwa. Jina walipewa na maadui. Kaloli ni yule ndege mrefu mwenye upara na mfuko wa waridi shingoni, anayesimama juu ya majalala ya Kampala kama mzee anayesubiri pensheni. Mashabiki wa timu nyingine walisema wachezaji wetu ni warefu, hawapendezi, na wanatoka mahali penye takataka, yaani sokoni kwetu. Basi wetu, badala ya kukasirika, wakalichukua jina pamoja na rangi zake: jezi za kijivu, namba za waridi. Wageni wakija kucheza kwetu walikuwa wanatupa maganda ya ndizi uwanjani, wakipiga kelele, "Kuleni!" Na sisi tulikuwa na gunia. Mashabiki wetu walikimbia wakayaokota maganda yote huku wakiimba, "Kaloli hakatai! Kaloli hakatai!" na gunia likaenda kwa mbuzi wa jirani. Mbuzi wale walinenepa sana msimu tuliochukiwa kuliko misimu yote.

Namba saba alikuwa Mjomba Rajabu, mdogo wake mama. Alilala chumba chetu cha nyuma, miguu ikitokeza nje ya kitanda, na asubuhi tulimwamsha kwa kumtekenya nyayo kupitia mlangoni, bila hata kuingia ndani. Sisi ni Wanubi, na kwetu mgeni akija mtoto lazima aje asalimie, ashike mkono, aulizwe anasoma darasa gani. Mimi nilikuwa najificha nyuma ya pazia. Watu wazima wote walinivuta nje isipokuwa Mjomba. Yeye alikuwa anakaa karibu na pazia na kuniwakilisha. "Bi Kimya anawasalimu," aliwaambia wageni kwa heshima zote. "Anasema karibuni, na anauliza kama mmeleta biskuti."

Mama ndiye aliyefua jezi za timu, kila Jumatatu, na kuanika kwenyewe kulikuwa na utaratibu. Jezi zilianikwa kwa mpangilio wa namba, kwa sababu Kochi Opio alikuwa anapita kukagua. Kochi alikuwa mwanajeshi mstaafu, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini moja kwa moja. Alisimama mbele ya kamba ya nguo, mikono nyuma, kama anakagua gwaride.

"Mama Kimya! Iko yote?"

"Zote zipo, Kochi."

"Hesabu!"

Na mama alihesabu akicheka, nami nikigusa kila jezi kwa kibanio: nne, tano, sita, saba, mpaka kumi na tano. Hapo ndipo mambo yote yalipoanzia. Darasani nilikuwa nimefundishwa kwamba kuhesabu kunaanza moja. Kwenye kamba yetu kulianza nne. Je, hao watatu wa mwanzo walikuwa wapi?

Mtoto mwingine angeuliza. Mimi nilikaa na swali hilo wiki nzima kama mtu aliyemeza kokwa, mwishowe nikampelekea Sauda, mtoto wa nyumba ya pili, aliyenizidi madarasa mawili na hakuwahi kukosa jibu la kitu chochote duniani.

"We hujui?" Sauda akanishangaa. "Hao ndio hatari wenyewe. Wanafichwa."

"Wanafichwa na nani?"

"Na Kochi. Sasa we, mama yako akiwa na nyama nzuri, anaiweka mezani kila mgeni aione? Si anaificha, anawapa maharage kwanza?"

Hilo sikuweza kulipinga, kwa sababu kwetu ndivyo ilivyokuwa. Nilimhurumia Mjomba kidogo kwa kuwa maharage. Lakini nilijiambia ni maharage mazuri, yaliyoungwa.

Kuanzia hapo mimi na Sauda tukawa tunawatafuta. Kama walifichwa, tulifikiri, watakuwa wamefichwa karibu, ili wakihitajika waje haraka. Namba moja tulimpata upesi. Alikuwa mpakiaji wa mihogo sokoni, mtu mrefu kiasi kwamba alipita katikati ya vibanda akiinama kama anayesujudu, na alirusha gunia juu ya lori bila kuangalia. Na kila mechi alikuja, akakaa karibu na mstari, miguu ameikunja. Namba mbili alikuwa bwana mmoja wa miwani, mwembamba, aliyekaa safu ya nyuma na gazeti. Watu wakishangilia yeye hapigi makofi. Sauda alisema hiyo ndiyo dalili: mtu anayejua kupita wengine hashangilii mambo madogo.

Namba tatu tulibishana. Mimi nilisema ni afande wa trafiki pale njia panda, yule dada mwenye sare nyeupe na glavu.

"Mwanamke hachezi Kaloli," Sauda akasema.

"Ndiyo maana kafichwa," nikasema, na ilikuwa mara ya kwanza kumshinda Sauda kwa hoja.

Isitoshe, nilikuwa na ushahidi. Kila nilipovuka barabara na Mjomba, yeye na begi lake la mazoezi, afande yule alipuliza filimbi, akainua mkono, na magari yote yakasimama. Malori, taksi, bodaboda, hata gari la mazishi siku moja. Tukapita sisi wawili tu, taratibu, Mjomba akiangalia mbele kama anayepita mbele ya jeshi. Nikivuka na mama tulisubiri mpaka jua lituchome. Kwangu maana yake ilikuwa wazi: namba tatu alikuwa anampa heshima namba saba. Siri ya timu.

Halafu jioni moja tukila, nikasikia jambo lililonifanya niache kutafuna. Timu ilikuwa inalipiwa na mfanyabiashara mmoja wa magodoro, tuliyemwita Hajji Magodoro, na Hajji alikuwa amechoka. Alikuwa amesema mechi ya mwisho, ya kucheza na Mamba wa Luzira, ndiyo itakayoamua. Kaloli wakishinda watapanda daraja la kwanza na yeye ataendelea nao. Wakishindwa anaondoa mkono wake.

"Na wewe je, Rajabu?" mama akauliza.

"Mimi jina langu liko kwa wakala," Mjomba akasema, akiangalia sahani. "Doha wanataka walinzi warefu."

Kesho yake nilimuuliza Sauda Doha ni wapi. "Ukifika Entebbe," akasema, "unapita, unaendelea."

Nililia kidogo. Lakini nawaambia ukweli, sikuogopa sana. Nyumba nzima ilikuwa na huzuni: mama anafua kwa nguvu mpaka povu linamfika kwenye viwiko, Mjomba hali, Kochi anapita bila kuhesabisha. Mimi peke yangu nilikuwa na amani, kwa sababu nilijua wao wanachojua ila hawasemi. Nyama ilikuwepo. Ilikuwa imefichwa tu, na kama kuna mgeni anayestahili kutolewa nyama, ni Mamba wa Luzira.

Jumapili ile uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda ukuta. Kaloli wenyewe, yaani wale ndege, walikuwa wamesimama juu ya nguzo za taa, wakituangalia. Watu wa Luzira walikuja na maganda yao, sisi tukaja na gunia. Tulianza vizuri, halafu vibaya. Wachezaji wetu wawili walikuwa wameumia kabla ya mechi, mmoja alikuwa amelala na malaria, na waliobaki walicheza kama wanaopigania uhai, yaani kwa faulo nyingi. Mchezaji akifikisha faulo tano anatolewa. Wakatolewa mmoja mmoja. Kila alipotoka mtu, mimi nilimwangalia namba moja pale mstarini. Bado ameketi. Anakula muhindi wa kuchoma. Nikasema moyoni, Kochi anasubiri. Kochi ana akili.

Robo ya nne, tukiwa nyuma, Mjomba naye akafanya ya tano. Akaja benchi akijifuta na taulo, na uwanjani tukabaki na watu wanne. Kochi akaomba muda. Aliligeukia benchi, na benchi lilikuwa waliotolewa watupu.

"Hakuna mtu," nikamsikia akisema. "Nitaweka nani? Hakuna mtu."

Hapo nikaelewa kwamba Kochi amesahau.

Sikumbuki nilivyoinuka. Nakumbuka saruji ilikuwa ya moto, kwa sababu ndara yangu moja ilibaki njiani. Nikajikuta mbele ya kile kitambi chenye filimbi.

"Kochi."

"Mtoto, toka! Hii si pahali ya mtoto!"

"Kochi, sasa watoe."

"Nitoe nani?"

"Namba moja. Na mbili. Na tatu."

Kochi akamgeukia Mjomba. "Rajabu, huyu mtoto yako nasema nini?"

Mjomba alikuwa amenitolea macho kama mtu aliyesikia pazia likizungumza. "Subiri kwanza, Kochi," akasema. "Huyu hajawahi kusema mbele ya watu. Mwache amalize."

Basi nikamaliza. Nilinyoosha kidole. "Moja yule pale."

Mpakiaji wa mihogo akaangalia nyuma yake, kisha akasimama, muhindi mkononi, na kila aliyekuwa karibu akainua shingo. "Mimi?" akauliza. "Kama ni kubeba, nabeba. Hiyo ya kudundadunda siijui."

Watu wakaanza kucheka. Mimi sikucheka. "Mbili ni yule wa gazeti."

Gazeti likashuka polepole. "Mimi ni wa Luzira," bwana wa miwani akasema kwa upole. "Nimeoa huku tu."

"Na tatu ni yule afande wa trafiki." Alikuwa amekuja bila sare, na gauni la njano, nami nilikuwa nimemtambua kwa jinsi alivyokaa wima. "Anamjua Mjomba. Kila siku anamsimamishia magari yote apite."

Hapo uwanja wote ukalipuka. Afande alijifunika uso kwa mkoba. Mjomba akavuta taulo kichwani, lote, akabaki kama godoro lililofungwa tayari kusafirishwa. Refa alicheka mpaka filimbi ikamtoka mdomoni. Na Kochi Opio, ambaye sikuwahi kuyaona meno yake, alikuwa ameshika magoti.

"Aaa! Kumbe! Rajabu, ndiyo maana leo faulo mingi! Macho iko huko!"

Halafu akachuchumaa mbele yangu, akaniwekea vidole mbele ya pua, na akanieleza taratibu kama anayemweleza askari mpya. Refa akionyesha kidole kimoja, ni pointi moja. Viwili, pointi mbili. Vitatu, tatu. Mchezaji akivaa namba hizo, wale wa mezani watachanganyikiwa kama refa anaonyesha pointi au anaonyesha mtu. Ndiyo maana jezi zinaanza nne. "Umeelewa, askari?"

"Kwa hiyo hawapo?"

"Hawapo."

"Hata mmoja?"

"Iko hawa nne tu," akasema, akionyesha wale waliobaki uwanjani, ambao walikuwa wameegemeana kwa kicheko. "Kaa hapa na mimi."

Nikakaa benchi, kati yake na lile taulo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nyama haikuwepo. Maharage ndiyo yote tuliyokuwa nayo. Na Mjomba angeenda kule unakopita Entebbe ukaendelea. Machozi yakaanza kunitoka, na mkono mrefu ukatoka chini ya taulo ukanishika kisogo, ukabaki hapo mpaka mwisho wa mechi.

Lakini nyinyi, mngeyaona maharage yale! Wanne dhidi ya watano, na bado wanacheka. Walicheza kama watoto waliofunguliwa kutoka madrasa. Mmoja anadunda, wengine wanapiga kelele, "Mpe Moja! Mpe Moja!" na Mamba wanageuka kweli kumtafuta huyo Moja. Mpakiaji wa mihogo alikuwa amesimama mstarini anatoa amri kana kwamba ni mchezaji kweli. Tukafunga, tukafunga tena, watu wa Luzira wakaacha kutupa maganda, wakawa wanaangalia tu. Tulishindwa. Si kwa pointi moja, nisiwadanganye; wanne ni wanne. Ila filimbi ilipolia, watu wa Luzira ndio waliokuja kuokota maganda yao, wakayatia kwenye gunia letu kwa mikono yao. "Pelekeni kwa mbuzi," mama mmoja akasema. "Na huyo mtoto mumpe maji."

Hajji hakubadili neno. Jumatatu mama alifua jezi kama kawaida, na mimi nikagusa kila moja kwa kibanio. Wachezaji wakaja mmoja mmoja kuchukua zao. Kochi Opio alikuja wa mwisho. Kamba ilikuwa imebaki na jezi moja tu, ya namba kumi na mbili, ambaye alikuwa ameshapanda basi la Arua alfajiri. Kochi akasimama wima, akaipigia saluti kamba ya nguo, akaondoka bila kuhesabisha. Mama akaiacha jezi ile pale siku nyingi, kisha akaikunja.

Mjomba alienda Doha. Jezi namba saba aliondoka nayo, na husema huivaa ndani ya sare ya ulinzi, baridi ya viyoyozi ikizidi. Likizo yake ya kwanza alirudi akamwoa afande wa trafiki, na Kochi alipopewa nafasi ya kusema kwenye harusi alisema mshenga ni mimi, nami nikaingia chini ya meza. Mke wa mjomba sasa anakaa chumba kile cha nyuma. Watu wote wanamwita kwa jina lake. Mimi peke yangu namwita Anti Tatu.

Basi Jumamosi, jezi ilipokauka, nilikaa kizingitini na wembe. Namba za Kaloli hazikuchapwa, zilishonwa, na mama alishona kwa uzi wa kukomesha. Nilikata mshono mmoja mmoja mpaka ile mbili ikatoka yote. Chini yake kitambaa kilikuwa cheusi zaidi, kwa sababu jua halikuwahi kufika pale. Ikabaki moja, imesimama upande mmoja kama aliyechelewa kuingia darasani. Mwalimu wa michezo ametuambia siku hizi sheria imebadilika, mtu anaweza kuvaa hata sifuri.

Jumatatu sikuumwa tumbo.

"Namba?" mwalimu akauliza.

"Moja."

"Sikusikia."

"Moja!" nikasema, na wasichana wawili wakageuka kuangalia nani amepiga kelele.

Jioni Anti Tatu alinisimamisha uani, chini ya kamba ileile, akanipiga picha, akamtumia Mjomba. Jibu halikuchelewa. Lilikuwa la sauti, na nyuma yake kulikuwa na upepo na magari ya mbali. Kwanza tulisikia kicheko tu, kirefu, kile cha chini ya taulo. Halafu Mjomba akasema:

"Jamani banange, Bi Kimya! Miaka yote hii, walikuwa wamekuficha wapi?"